Chubwi, boya au chambo bandia? Chagua mshipi kwa kumsoma samaki

Anayeanza kuvua kwa mshipi baharini hukwama mahali pamoja na wenzake wote. Vifaa vimejaa, majina ni mengi, na kila mvuvi anaapa kwamba njia yake ndiyo njia. Mmoja hatoki bila chubwi na kipande cha ngisi. Wa pili anakodolea macho boya lake saa nne nzima wala hachoki. Wa tatu hataki hata kushika chambo chenye harufu: anarusha kisamaki cha plastiki, anavuta, anarusha tena, mpaka bega limlegee. Wote watatu hurudi na samaki, lakini hawarudi na samaki wa aina moja. Changu hafikiwi kwa njia anayofikiwa mkizi, na sababu yake haiko kwenye ndoana. Iko kwenye mdomo wa samaki, mkia wake na pua yake.

Kwa hiyo nitazilinganisha njia hizi tatu kwa kuanzia kwa samaki mwenyewe. Maswali ni matano, na nitauliza yale yale kila mara. Mdomo wa samaki unayemtaka umeumbwa kula wapi? Unadanganya hisi gani: pua, macho, au ule mstari wa ubavuni? Maji na mahali ulipo vinakubali? Vifaa na mwili wako vinahitaji nini? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: ukimnasa samaki usiyemtaka, au mchanga mno, akirudi majini ataishi?

Maneno machache kabla ya kuanza

Chubwi ni ile risasi inayozamisha mshipi. Boya ni kielea kinachouzuia usizame kupita kina ulichokusudia. Samaki akigusagusa chambo bila kukimeza, anadona. Ukivuta kwa ghafla ili ncha ya ndoana imwingie, unakaza. Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ina breki inayouachia mshipi utoke kidogo kidogo samaki anapovuta kwa nguvu inayoweza kuukata.

Namba za ndoana ndizo huwachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Namba ya kawaida ikipanda, ndoana inapungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Lakini namba ikifuatwa na mkwaju na sifuri, mambo yanageuka: 4/0 ni kubwa kuliko 1/0. Usinunue kwa kukariri namba. Iweke ndoana kando ya picha ya mdomo wa samaki kichwani mwako, halafu uamue.

Mshipi wenyewe nao uko wa namna mbili hasa. Wa nailoni hunyumbuka, husamehe makosa, na hustahimili kukwaruzwa na mwamba. Wa kusokotwa ni mwembamba kwa nguvu ile ile na haunyumbuki karibu hata kidogo, ndiyo maana ukiwa na kina kirefu unahisi kila kudona kama vile samaki yuko kidoleni; ila ukigusa tumbawe lenye makali, umekwisha.

Mshipi wa chini, wenye chubwi

*Mdomo.* Hii ni njia ya samaki wanaokula sakafuni. Tazama mkundaji: chini ya kidevu ana sharubu mbili zenye vionjio, anazipapasa mchangani kutafuta minyoo na kamba waliojifukia. Tazama changu: mdomo mbele, midomo minene, na ndani ya taya aina nyingi za changu zina meno ya duara kama magego, ya kuponda kaa na kombe. Chewa yeye haumi kwanza. Anafungua mdomo mkubwa kwa ghafla, maji yanaingia kwa kasi, na chambo kinaingia pamoja na maji. Ndiyo maana chewa akila husikii kudona kwingi. Unasikia uzito tu, kama mshipi umenasa jiwe, kisha jiwe linaanza kuondoka.

Mkia wa chewa ni wa mviringo na nyama yake karibu yote ni nyeupe. Hiyo ni nyama ya mbio fupi: inatoa nguvu nyingi kwa mara moja bila kungoja oksijeni, kisha inachoka upesi. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba vita ya chewa ni ya mita mbili za kwanza. Ukimwachia afike pangoni, anapanua mashavu na mapezi yake na kujikaza humo, na mara nyingi mshipi ndio utakaosalimu amri. Ukimwinua mapema, nusu ya kazi imekwisha.

*Hisi.* Pua. Samaki hapumui kwa pua. Matundu yake ni ya kunusia tu. Maji huingia tundu la mbele, hupita juu ya ngozi ya kunusia, hutoka tundu la nyuma. Kinachomvuta ni chembe za protini zinazoyeyuka kutoka kwenye chambo, ndiyo maana ngisi, kamba au samaki wa mafuta aliyekatwa upya humshinda aliyeganda na kuyeyuka mara tatu. Chambo kilichokaa majini muda mrefu kinaonekana kizima lakini kimebaki mpira mtupu. Kibadilishe hata kama hakuna aliyekigusa.

*Mahali na maji.* Harufu haitembei yenyewe, inabebwa. Maji yakisimama kabisa kati ya kujaa na kupwa, chambo chako kinanuka mahali kilipo tu. Mkondo wa wastani ndio mzuri: tupa juu ya mkondo kutoka pale unapodhani samaki wapo, harufu iwafuate. Kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo unaweza kuwa mkali hadi ukalazimika kuongeza chubwi. Maji mafu ya robo za mwezi ni rahisi zaidi kwa anayejifunza. Chubwi la duara hubingirika kwenye mchanga, lenye umbo la piramidi hujichimbia. Kwenye mawe, fungia chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likikwama, unakata uzi, unapoteza risasi na kubaki na samaki. Nilijifunza hilo baada ya kuacha chubwi nne mwambani asubuhi moja, na ndoana zake zote.

*Vifaa na mwili.* Hakuna njia inayodai kidogo kuliko hii. Mshipi uliozungushwa kwenye kibao, chubwi, ndoana mbili, basi. Kidole cha shahada kinatosha kuwa kipimo cha kudona. Lakini mshipi wa mkononi hukata ngozi. Usiuzungushe kamwe kwenye kiganja.

*Kumrudisha.* Hapa ndipo mshipi wa chini una dosari yake kubwa, nayo inahusu kifuko cha hewa. Samaki wengi wenye mifupa wana kifuko chenye gesi ndani ya tumbo kinachowasaidia kutulia kwenye kina bila kuzama wala kuelea. Shinikizo la maji huongezeka sawa na lile la hewa yote ya juu yetu kwa kila mita 10 za kina. Samaki aliyetolewa mita 30 kwenda juu, gesi yake inajaribu kutanuka mara nne. Changu na chewa hawana mrija wa kuitoa haraka. Gesi hurudi kwenye damu polepole tu. Matokeo umeyaona: macho yametokeza, na kitu kama puto kimejaa mdomoni. Wengi huchukua kisu na kulitoboa puto lile wakidhani ndicho kifuko chenyewe. Siyo. Ni tumbo la chakula lililosukumwa nje, na kulitoboa ni kumwongezea jeraha. Kinachosaidia ni kumteremsha haraka alikotoka, kwa mfano kwa uzito ulioshikizwa kwenye mdomo wake kwa ndoana iliyopinduliwa isiyo na jino (kile kincha cha kurudi nyuma kinachozuia ndoana isichomoke), ili shinikizo liikandamize gesi tena.

Tatizo la pili ni kumezwa kwa ndoana. Samaki anayefuata harufu hula kwa utulivu na kumeza mpaka ndani. Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imepindia ndani, hupunguza hili sana: samaki akigeuka kuondoka, ndoana hutelezea nje ya koo na kushika pembe ya mdomo. Lakini ina sharti lake, na wazoefu ndio hulivunja zaidi: usikaze. Ukivuta kwa ghafla unaichomoa. Anza kukunja mshipi taratibu, ijikaze yenyewe.

*Inamfaa* anayeanza, anayevua usiku, anayevua kwenye maji machafu baada ya mvua, na anayetaka kupeleka nyumbani chochote kitakachokuja. Haimfai sana anayekusudia kurudisha samaki wengi kutoka kina kirefu.

Mshipi wa boya

*Mdomo.* Chuchunge ana taya la chini refu kama sindano na la juu fupi. Mdomo wake umefunguka kuelekea juu. Umbo hilo linakwambia chakula chake kiko juu yake, karibu na uso wa maji. Ukimpelekea chambo sakafuni, ni kama kumwekea mtu sahani chini ya kitanda. Mkizi naye ana mdomo mdogo, hula mwani na mabaki laini, hukidona chambo kwa adabu na kukitema akihisi uzito. Tasi vilevile ni mla mwani mwenye mdomo mdogo. Hawa watatu hawana haja na ngisi mzima. Wanataka donge la unga, kipande cha mwani, au kamba mdogo, juu ya ndoana ndogo.

*Hisi.* Macho na kuonja. Karibu na uso wa maji mwanga ni mwingi, na samaki wa aina hii huwa na muda wa kuchunguza. Mshipi mnene wanauona. Boya kubwa linawakinza: mkizi akivuta na kuhisi boya linamvuta naye, huachia. Chagua boya jembamba, lililolemewa kwa risasi ndogo mpaka ncha tu ibaki juu, kwa kuwa boya lililotulia hivyo huzama kwa mguso mdogo. Na usingoje lizame kabisa. Likianza kutembea pembeni kinyume na maji, kaza polepole.

*Mahali na maji.* Bandarini, ukutani, kando ya mikoko, juu ya majani ya bahari: popote pasipo mawimbi makubwa. Uzuri wa boya ni kwamba kina unakichagua mwenyewe. Sogeza kizuizi cha mshipi juu nusu mita na chambo kinashuka nusu mita, bila kunasa miamba. Upepo mkali ndio adui. Siku yenye mawimbi utakuwa unatazama boya likicheza ngoma na hujui nani anakula na nani anapita.

*Vifaa na mwili.* Ufito mrefu na mwepesi, subira, na macho. Watoto hujifunza vizuri zaidi hapa kuliko kwingine kwa sababu kila kitu kinaonekana.

*Kumrudisha.* Samaki wa maji ya juu hana tatizo la gesi kutanuka, na ndoana ndogo iliyokazwa mapema hukaa mdomoni. Hatari iko upande wako. Tasi ana miiba yenye sumu 13 kwenye pezi la mgongo, 7 kwenye pezi la nyuma ya tumbo, na 2 kwenye kila pezi la chini. Usimshike kwa kukumbatia kiganja. Ikikuchoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Maumivu yakizidi au ukianza kukosa pumzi, nenda kwa daktari. Na kwa samaki, lowanisha mikono kabla ya kumgusa: ute wa mwilini mwake ni kinga dhidi ya vijidudu, na kiganja kikavu huufuta.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye mtoto pembeni, na anayevua maji ya karibu yaliyotulia. Wahenga walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa kuwa mkizi akishtuka huruka nje ya maji na huweza kuangukia chomboni. Mwenye boya asitegemee bahati hiyo.

Chambo bandia, cha kurusha na kuvuta

*Mdomo.* Sasa tunazungumzia wawindaji: kolekole, mzia, nguru, jodari. Midomo yao iko mbele kabisa, mipana, na mikia imegawanyika au imepinda kama mwezi mchanga. Mkia wa namna hiyo ni wa kukata maji safari ndefu kwa nguvu kidogo. Jodari ameongeza nyama nyekundu, iliyojaa damu na oksijeni, kwa ajili ya kuogelea bila kusimama. Kwa hiyo vita yake haifanani na ya chewa hata chembe: haendi pangoni, anakwenda upeo wa macho. Hapo breki ya rili ndiyo inayofanya kazi, siyo mkono.

*Hisi.* Macho, na mstari wa ubavuni. Ule mstari mwembamba unaouona kutoka shavuni mpaka mkiani ni mfululizo wa vijitundu vyenye chembe za vinyweleo vinavyohisi msukumo wa maji. Haufanyi kazi mbali, lakini kwa ukaribu humwambia samaki kitu kinatikisika wapi hata gizani. Chambo bandia hakina harufu wala ladha. Kina mtikiso na mng'ao. Ukiacha kukivuta, kinakuwa kipande cha plastiki.

Kuhusu rangi, watu hubishana hadi usiku. Ukweli wa fizikia ni mfupi. Maji hunyonya nyekundu kwanza. Kwenye mita 10 sehemu kubwa ya wekundu imekwisha na chambo chekundu kinaonekana cheusi au kijivu. Buluu ndiyo husafiri mbali zaidi kwenye maji safi ya bahari kuu. Kwa hiyo juu juu rangi ina maana, chini zaidi umbo na utofauti na maji ya nyuma ndivyo vinavyohesabika. Wakati wa machweo, samaki anapotazama juu kuelekea mwanga uliobaki, chambo cheusi huonekana vizuri kuliko cheupe. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Kasi nayo ina biolojia yake. Samaki wengi joto la mwili wao hufuata la maji. Maji yakipoa, mwili unapungua mwendo, vuta polepole. Nguru kwenye maji ya vuguvugu, vuta haraka uwezavyo na bado atakuzidi.

*Mahali na maji.* Maji yanayoonekana ndani, na mahali samaki wadogo wanaposukumwa: ncha za miamba, midomo ya mikondo, ukingo wa kina. Maji ya tope yanapunguza nusu ya silaha zako. Alfajiri na jioni ni saa zake.

*Vifaa na mwili.* Hii inadai zaidi. Ufito wenye mnyumbuko, rili inayoachia mshipi kwa ulaini, na kipande cha waya mbele ya ndoana kwa ajili ya meno ya nguru na mzia. Na bega. Saa tatu za kurusha si mchezo. Lakini hutafuti chambo, hunuki mikono, na unatembea ufuo mzima badala ya kukaa.

*Kumrudisha.* Mwindaji huuma kwa kushambulia, hivyo ndoana hukaa mdomoni. Tatizo ni ndoana za matawi matatu zinazokuja na vyambo vingi: zinachana mashavu, na tawi la tatu huingia kidoleni mwako. Nyingi zinaweza kubadilishwa kwa ndoana moja, na jino likabanwa kwa koleo. Jodari ana jambo la ziada. Chewa husukuma maji juu ya matamvua kwa kufungua na kufunga mdomo akiwa ametulia. Jodari hupata hewa kwa kuogelea mdomo wazi. Ukimshika amesimama, anakosa pumzi. Mrudishe kichwa mbele, kwa kumsukuma, siyo kwa kumlaza.

*Inamfaa* asiyeweza kukaa, mwenye maji safi, na anayemtaka samaki wa aina fulani kuliko idadi.

Kukokota chambo nyuma ya chombo ni ndugu wa njia hii, isipokuwa injini ndiyo inayovuta. Inazunguka eneo kubwa, na samaki wa bahari kuu kama felusi na jodari huipenda, lakini bila chombo haipo, na uamuzi mwingi unakuwa wa nahodha.

Uende na nini

Uko ukutani au gatini, maji yametulia, vidagaa vinacheza juu: boya, ndoana ndogo, na kama hakuna kitu baada ya dakika 20, shusha chambo nusu mita kabla ya kuhama.

Uko ufuoni, maji yametibuka na huoni hata vidole vya miguu yako: chubwi, chambo cha damu au ngisi, na usubiri mkondo uanze kutembea. Chambo bandia kibaki mfukoni.

Alfajiri, maji safi, ndege wanajirusha kwenye kundi la samaki wadogo: chambo bandia bila kufikiri mara mbili. Rusha pembeni ya kundi, siyo katikati yake, maana mwindaji huvizia kingo.

Uko juu ya mwamba wa mita 30 na unataka chewa: chubwi na ndoana ya duara, lakini amua kabla ya kushusha ni samaki wangapi utakaobeba, kisha uache. Chewa wa aina nyingi huzaliwa majike na baadaye wengine hugeuka madume, hivyo wale wakubwa mno mara nyingi ndio madume wa eneo. Ukiwatoa wote, wanaobaki wanakosa wa kuzaa nao mpaka mwingine ageuke.

Una mtoto wa miaka saba na saa mbili tu: boya, hata kama wewe mwenyewe ungependa kurusha.

Na kama una nafasi ya seti moja tu ya vifaa na hujui utavua wapi, chukua ufito wa wastani unaoweza kubeba chubwi jepesi, boya, na chambo bandia kidogo. Hautafanya lolote kati ya hayo matatu vizuri kama ufito wake maalumu, ila baada ya miezi michache utajua ni samaki gani unayemfikiria ukiwa kitandani, na huyo ndiye wa kumnunulia wa pili.